Imeunganishwa, Hakuna Intaneti

Nikipigiwa simu kuhusu TV, neno la kwanza huwa lilelile: "Wi-Fi imekufa." Ni nadra Wi-Fi kuwa ndiyo iliyokufa. Simu hizo zimenitembeza huku kwetu Mwanza, Kirumba, Buswelu hadi Malimbe, kwa ndugu, kwa majirani, kwa wazazi wa watoto wanaosoma na wanangu, na wala mimi si fundi wa TV. Nina steshenari Nyakato. Nachapa barua za maombi ya kazi, natoa kopi, naskani vyeti. Ila mtu akikuona umeinamia kompyuta kutwa nzima, kwake umeshakuwa fundi wa kila chenye kioo.

Kitu ambacho ningependa wanaonipigia wakijue kabla hawajagusa kitufe chochote ni kwamba njia ya mtandao hadi kwenye TV ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha kutoka kwenye TV hadi kwenye rauta, kile kiboksi kinachorusha Wi-Fi nyumbani. Cha pili ni cha kutoka kwenye rauta kwenda nje, kwenye mnara au kwenye waya wa faiba, hadi huko mtandao unakotoka. Ile alama ya Wi-Fi kwenye kona ya TV, hata ikijaa mistari yote, inazungumzia kipande cha kwanza peke yake. Ni kama kwenda Sengerema kwa njia ya Kamanga: kufika gatini ni jambo moja, kivuko kuondoka ni jambo jingine. Kwa hiyo TV ikiandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, wala haijichanganyi. Inasema imefika kwa rauta na mbele haioni kitu.

Namna ya kujua kipande kipi kimekatika ni rahisi, ingawa wengi huikosea. Unachukua simu, unaiunganisha kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani, unazima data ya simu, halafu unafungua ukurasa ambao hujaufungua siku za karibuni. Hapo kwenye kuzima data ndipo watu wanaporuka. Simu za siku hizi ni janja: zikiona Wi-Fi haina mtandao zinarudi kimya kimya kwenye bando la laini, na mwenye simu anaapa kabisa kwamba "Wi-Fi iko sawa, mbona kwenye simu inafunguka?" Imefunguka kwa pesa yako nyingine. Zima data kwanza. Simu ikigoma, achana na TV, kashughulike na rauta. Simu ikifungua vizuri, basi mgonjwa ni TV, na rauta usiiguse.

Mama yangu mkubwa anakaa Kirumba, si mbali na Mwaloni, na kwake hata hicho kipande cha kwanza kilikuwa hakijapatikana. Kijana wa dukani alishamfungia TV ukutani, akamwonyesha rimoti, akapanda boda akaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, hiki kidude tangu asubuhi kinanikatalia paswedi, na paswedi si ndiyo hii hapa kwenye kibandiko?"

Kibandiko kiko chini ya rauta, maandishi madogo kama chawa, na aliyeyapanga ameweka sifuri na herufi O kwenye mstari mmoja, na I kubwa jirani na l ndogo. Nikakipiga picha kwa simu nikaikuza. Kwenye TV nikatafuta ile alama ya jicho inayoonyesha unachoandika badala ya vinukta. Tulipoibonyeza tukaona yaliyokuwa yakiandikwa asubuhi nzima: ukibonyeza mshale wa herufi kubwa kwenye kibodi ya TV ile, unabaki hapohapo mpaka uuzime mwenyewe, kwa hiyo baada ya herufi kubwa ya kwanza zote zilizofuata zilikuwa kubwa. Mama mkubwa akavaa miwani, akanisomea herufi moja moja kwa sauti kama anaita mahudhurio, mimi nabonyeza. Ikakubali.

Tangu hapo nikienda kwa watu huwa nabeba kibodi ya waya ya kompyuta kutoka dukani. TV nyingi huipokea ukiichomeka kwenye tundu la USB, na kuandika kwa vidole kumi si sawa na kusukuma mshale wa rimoti kushoto na kulia hadi kidole gumba kife ganzi. Na mwenye nyumba akiridhia, nambadilishia nywila ya rauta kabisa. Wi-Fi za kawaida hudai herufi 8 kwenda juu; maneno manne ya Kiswahili yaliyounganishwa kwa herufi ndogo tupu ni magumu kubahatisha kuliko neno fupi lenye alama za ajabuajabu, na mtu mzima anaweza kuyaandika kwa rimoti bila kuitisha kikao cha ukoo.

Nyumbani kwetu shida ilikuwa kipande cha pili, na mkosaji ni jiwe. Tunakaa Mabatini, upande wa mlimani, na nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Wageni wanalipenda, wanalipigia picha. Mji huu unajivunia mawe yake na mimi nayapenda pia, lakini mnara wa kampuni ya simu tunayotumia uko upande wa pili wa jiwe hilo, na mawimbi ya simu hayapiti kwenye granaiti. Rauta yetu ni ya laini, ya 4G, na tulikuwa tumeiweka sebuleni juu ya meza ya TV kama watu wote wanavyofanya. TV ilikuwa inaonyesha Wi-Fi imejaa. Lazima ijae, rauta iko pembeni yake! Huku rauta yenyewe ikihangaika kutafuta mnara na kaduara kanazunguka katikati ya kioo, watoto wameshika tama.

Rauta nyingi za laini zina ukurasa wake wa ndani. Unauona kwa kuandika namba kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa nayo. Namba ya rauta yako iko kwenye kibandiko. Humo ndani kuna sehemu inayoonyesha nguvu ya mnara kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Hasi 85 ni neema. Hasi 115 ni kwaresima. Nikashika rauta mkononi, ekstensheni ikiniburuzikia nyuma, mtoto mkubwa kashika simu ananisomea namba, tukazunguka nyumba nzima dirisha kwa dirisha. Sebuleni ilikuwa mbovu. Jikoni mbovu. Kwenye dirisha la chumba cha watoto, linalotazama chini mjini, namba ikapanda ghafla, na tulipoisogeza kidogo tu kutoka kwenye nondo za dirisha ikapanda tena. Rauta ikahamia huko, juu ya kabati la nguo.

Kutibu kipande cha pili kukakiumiza kile cha kwanza. Kati ya chumba cha watoto na TV kuna kuta mbili za bloku, na koridoni tunaweka pipa la maji la lita 200, maana maji ya bomba yana siku zake. Maji hunywa mawimbi ya Wi-Fi vibaya sana, na bati huyarudisha yalikotoka. Pipa tulilisogeza, hali ikawa afadhali, lakini jioni bado ilikuwa inasumbua. Mwishowe nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, fundi umeme akaupitisha darini, akabana vichwa vyake pande zote mbili, mmoja kwenye rauta mwingine nyuma ya TV. Waya wa aina hiyo unaweza kwenda hadi mita 100. Tundu la waya kwenye TV nyingi linapitisha megabiti 100 kwa sekunde, na filamu ya HD inahitaji kama 5 tu. Watu wanaona waya ni mambo ya kizamani. Mimi nikiingia nyumba ambayo TV imefungwa ukutani na haitahama, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama waya unaweza kupita.

Kisa ambacho nimekirudia kuliko vyote ni cha umeme kukatika. Jirani yetu mmoja ni mzee mstaafu wa reli, anapenda taarifa ya habari ya saa mbili, na anaiangalia YouTube kwa sababu king'amuzi chake hukilipia kwa msimu. Umeme ulikatika mchana, ukarudi jioni, akawasha TV. Imeunganishwa, hakuna intaneti. Nikafanya kipimo changu, nikazima data ya simu, nikafungua. Mtandao uko fresh. TV nayo iko kwenye Wi-Fi. Vipande vyote viwili vizima na bado YouTube inagoma.

"Binti yangu, hii imelogwa," mzee akasema.

Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya saa na tarehe. TV iliamini ni tarehe 1 Januari 1970.

"Elfu moja mia tisa sabini!" Mzee akacheka hadi akakaa chini. "Mwaka huo mimi niko darasa la nne."

Tarehe hiyo haikutoka hewani. Kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia hapo, na kifaa kisicho na betri ya kutunza saa kikizimwa kwenye umeme kinaweza kurudi mwanzo wa hesabu. Na kwa nini tarehe izuie intaneti? Kwa sababu kila huduma kubwa ya mtandaoni, kabla haijaongea na TV yako, inaonyesha cheti chake cha usalama, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. TV inakilinganisha na saa yake. Ikiwa inajiona iko 1970, cheti kilichotolewa mwaka huu ni cha mtu ambaye hajazaliwa, inakikataa, mlango unafungwa. Simu haisumbuki na hili kwa sababu inapokea saa kutoka kwenye mtandao wa simu. TV nyingi nazo hujirekebisha zenyewe zikipata intaneti, lakini ya mzee ilikuwa imewekwa isubiri saa kutoka kwenye matangazo ya antena, na antena hana. Nikaibadilisha ichukue saa mtandaoni, nikachagua saa za Afrika Mashariki, yaani GMT+3, habari zikaanza kabla hazijafika michezo.

Siku nyingine umeme ulipokatika tena mzee aliamua kuirekebisha mwenyewe, kwa mkono. Akaweka tarehe sawasawa, mwaka sawasawa, na kwenye saa akaandika 2:00, kwa kuwa ni saa mbili ya habari. TV ikajua ni usiku wa manane. Kwa bahati saa peke yake kupotea kwa kawaida hakufungi mlango. Wenye kufunga ni mwaka na tarehe. YouTube ilifunguka, ila ratiba zote za vipindi zilikaa kichwa chini miguu juu, naye akanipigia kuuliza kwa nini TV inamwambia akalale. Saa mbili usiku kwenye mashine ni 20:00. Nimemwandikia kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya rimoti.

Hapohapo kwenye umeme kuna jambo jingine. Kuzima TV kwa rimoti si kuizima; inalala tu, na yaliyomo kichwani yanabaki. Ukitaka ianze upya, chomoa kwenye soketi, subiri kama dakika, ndipo uchomeke. Na utaratibu una maana: rauta iwashwe kwanza, isubiriwe mpaka taa zake zitulie, ndipo TV. Umeme ukirudi ghafla vyote huwaka pamoja, TV inabisha hodi kwa rauta ambayo bado inafikicha macho, inakosa namba yake ya mtandao, na baadhi ya TV hazirudi kuuliza tena. Ukiangalia hali ya mtandao kwenye mipangilio ukakuta namba inayoanza na 169.254, hiyo ni TV iliyojipa namba yenyewe baada ya kukosa ya rauta. Ikianza na 192.168, rauta imeshampa ya kwake.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo pale Malimbe, amepanga chumba kwenye nyumba ndefu ya wanafunzi, na ana TV ya inchi 32 ambayo ni fahari ya korido nzima. Yeye hana rauta, anatumia hotspoti ya simu.

"Shangazi, ajabu. TV inaona hotspoti ya jirani yangu, yangu haioni, na simu yangu ndiyo mpya."

Upya wa simu ndio uliomponza. Wi-Fi ina masafa mawili ya kawaida majumbani, GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ina kasi lakini haifiki mbali na ukuta unaimaliza, ya 2.4 inakwenda mbali zaidi na kupenya vizuri zaidi. TV nyingi za bei ya chini zina masikio ya 2.4 peke yake. Simu yake ilikuwa inarusha hotspoti kwenye 5, kwa hiyo kwa TV ile ilikuwa haipo. Kwenye mipangilio ya hotspoti ya Android kuna mahali pa kuchagua masafa. Kwenye iPhone, kuanzia iPhone 12, kuna swichi ya kuongeza uwezo wa kupatana na vifaa vingine. Tukabadilisha, jina likajitokeza palepale.

Raha yake ilidumu hadi jioni. Kila chumba pale kina kirauta au hotspoti, zote zimerundikana kwenye 2.4, na masafa hayo ni membamba: yana chaneli nyingi kwa hesabu lakini ambazo hazigongani ni tatu, 1, 6 na 11. Tulishusha programu ya kuangalia chaneli kwenye simu. Korido nzima ilikuwa imejazana kwenye 6. Hotspoti ya simu haikupi nafasi ya kuchagua, ila mwenzake wa chumba cha pili mwenye rauta alikubali kuihamishia 11, wakachanga bando wakawa wanatumia moja. Ilisaidia kwa kiasi. Kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku bado ilikuwa inakokota, na hilo nikamwambia halina mpangilio wa kubadilisha: ni mnara umejaa, Malimbe nzima iko mtandaoni. Alfajiri saa kumi na moja TV ileile, rauta ileile, inakimbia. Ndivyo unavyoutambua mnara uliojaa. Siku hizi anapakua video usiku wa manane na kuziangalia kesho yake, akili ambayo sikumfundisha mimi.

Kuhusu bando sina mengi. Likiisha, rauta inaendelea kurusha Wi-Fi kama kawaida, kwa hiyo TV itasema imeunganishwa. Angalia salio kabla ya kuita mtu kutoka Nyakato. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa HD, kwa hiyo jioni moja ya filamu mbili za HD inaweza kula bando ambalo familia ilitegemea limalize wiki. TV haina huruma kama simu; ikiona kasi ipo inapanda yenyewe hadi picha ya juu kabisa. Kwenye YouTube unaweza kuishusha hadi 480 kwa mkono, na kwa TV ya inchi 32 mtu aliyekaa kwenye sofa hatalalamika. Na vifurushi visivyo na kikomo, someni masharti yake. Vingi kikomo wanacho, wamekiita kasi.

Shemeji yangu Buswelu alivutiwa faiba, akapewa rauta mpya inayong'aa, na TV yake ya miaka mingi ikaanza kukataa nywila ambayo simu zote za nyumba zinaikubali. Hapo nywila haina kosa. Rauta ilikuwa imewekwa kwenye ulinzi wa WPA3 pekee, mfumo uliotangazwa 2018, na TV yake ni ya kabla ya hapo, inajua WPA2. Tukaingia kwenye rauta tukaiweka ipokee yote mawili. Shemeji alishaanza kuulizia bei ya TV mpya, na nilimwona kama amehuzunika kidogo ilipokubali.

Kuna programu zinazogoma wakati nyingine zinafunguka, na hapo wakati mwingine dawa ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Unaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya TV, unaweka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Ikisaidia, vizuri. Vijana mtaani wanaitaja kama dawa ya kila ugonjwa, na si kweli. Haiongezi kasi ya mnara wala haimalizi jiwe la Mabatini.

Nisichokubali ni mtu kuanza na kurudisha TV kama ilivyotoka kiwandani. Mafundi wengi wa haraka wanapenda hiyo, kwa sababu kweli mara nyingine inafanya kazi, na anaondoka anaonekana bingwa. Wewe unabaki na akaunti zote zimefutika, nywila za programu hukumbuki, watoto wanalia. Kibaya zaidi ni kile kitundu cha sindano nyuma ya rauta. Ukikibonyeza kwa muda, rauta inasahau kila kitu, nywila inarudi ile ya kwenye kibandiko, na kila kifaa cha nyumba kinabidi kiunganishwe upya. Kama kibandiko kilishafutika kwa jasho na vumbi, mna kazi. Kwangu hiyo ni hatua ya mwisho kabisa, na kabla yake napiga picha kila ukurasa wa mipangilio.

Mara nyingine hakuna cha kufanya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 simu yangu iliita tangu watu wanatoka kanisani. Kila mmoja alikuwa na hakika ni TV yake. Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kipande cha pili cha kila rauta mjini kilikuwa kimekatikia huko baharini, sisi huku ziwani tunabonyeza rimoti. Nikawa najibu kila mtu: acha ilivyo, usibadilishe chochote. Wawili hawakusikia, wakarudisha TV zao kiwandani, na mtandao uliporudi wao ndio waliobaki gizani.

Mdogo wangu wa kiume amenunua TV ya mtumba iliyotumika Ulaya, inchi 46, chapa kubwa, picha yake bado safi kabisa. Muuzaji alimwambia ni ya kisasa, na kweli ilikuwa ya kisasa mwaka 2011. Inaingia kwenye Wi-Fi bila shida, namba inayo, tarehe sahihi, simu inafungua, lakini kila programu ikiguswa inasema haiwezi kufikia huduma. Hapo wala si mtandao. Programu za TV zina uhai wake: Desemba 2019, kwa mfano, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Na kuna vile vyeti vya usalama. TV hubeba ndani yake orodha ya vyeti vya msingi inavyoviamini, na isipopata masasisho orodha hiyo inachacha. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotumiwa na tovuti nyingi mno kiliisha muda, na vifaa vya zamani sehemu mbalimbali za dunia vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa nzima. TV ya mdogo wangu haijapata sasisho lolote kwa miaka.

Alitaka kumrudishia muuzaji. Nikamwambia asihangaike, kioo ni kizuri, ubongo ndio umezeeka, na ubongo unanunuliwa peke yake. Akachukua kile kifaa kidogo chenye Wi-Fi na programu zake, kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV. Kwa mara ya kwanza alikipa umeme kutoka kwenye USB ya TV, kikawa kinajizima na kujiwasha katikati ya mpira, kwa kuwa tundu la USB la TV za zamani kwa kawaida hutoa nusu ampea na kifaa kinataka zaidi. Akakichomekea chaja yake ukutani. Sasa TV yenyewe tumeitoa kwenye Wi-Fi kabisa, inafanya kazi ya kioo tu, na simu anayonipigia siku hizi ni ya kuuliza kama nimeshalipa mchango wangu wa bando la mechi ya Simba na Yanga.